Fundi Chini ya Tao

Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, mfagiaji wa kanisa akishamaliza mabenchi humfuta baba yake vumbi la masikioni, humnywesha maji kwa kikombe cha plastiki, kisha huendelea na ngazi za altare. Baba mtu amesimama chini ya tao kubwa, mikono juu, bega limezama kwenye mawe. Miaka arobaini na tisa sasa yuko hapo. Kumi na miwili ya mwisho amesimama akiwa marehemu, na kazi haijalegalega hata kidogo.

Chanzo ni haraka za wakubwa. Alipolifunga tao, fundi alisema chokaa ikae siku ishirini na nane kabla ya kuondoa miti ya kuegemeza. Siku ya tisa ikaja barua kwamba askofu anakuja kutabaruku kanisa, na kamati ikaona miti inatia aibu. Wakaing'oa. Mawe yakaanza kucheza, fundi akaweka bega, akasema, "Fanyeni haraka, rudisheni." Hawakurudisha. Askofu akapita, akamnyunyizia maji ya baraka pamoja na ukuta.

Waumini walizoea upesi, kama wanavyozoea kila mateso yasiyowahusu. Maharusi humvisha maua. Wanakwaya hutundika makoti kwenye kiwiko chake, hata haya hawana.

Mwakani ni jubilei, na kamati inaandika kitabu cha historia ya kanisa. Mfagiaji alivaa gauni lake la Pasaka, akaingia kikaoni. Mwenyekiti, kitambi mbele na maneno tele, ndiye aliyeng'oa mti wa kwanza enzi za ujana wake.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba miti minne tu. Baba atoke hapo, nimzike kando ya mama."

"Marahaba, mama. Miti? Kwenye picha za jubilei? Hebu tuhurumie!"

"Basi jina lake liandikwe."

Katibu alifunua ukurasa uliosema tao limesimama kwa neema ya Mungu na ubunifu wa kamati. "Umeshajaa," akasema, na nusu ya ukurasa nyeupe pee. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Hao wangekubali hata wakiambiwa kengele ni sufuria. Paroko akaulizia chai.

Mfagiaji alilia palepale, akawaambia hawana utu, akatoka bila kuaga. Akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, achia. Liwaangukie."

"Kesho ni Misa ya watoto, mwanangu."

Akakaa chini miguuni pake.

Jumatatu akaja mpaka rangi, aliyeitwa na kamati kwa ajili ya jubilei. Alimaliza kuta, akafika kwa fundi, akasita na brashi yake.

"Na huyu?"

"Mpake tu," mwenyekiti akasema. "Alingane na nguzo zingine."

Mpaka rangi, aliyekuwa na adabu kuliko kamati nzima, alimwomba mzee afumbe macho. Mzee akafumba. Akapakwa mara mbili, mpaka kucha, na binti yake akashikilia ngazi kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea.

Jioni katibu alikagua kitabu mara ya mwisho. Akahesabu, akafuta sita, akaandika: kanisa lina nguzo saba, zote imara.