Matusi ya Kuwatoa Mapacha

Mimi nilikwenda Kagongwa kumchukua mwanangu, si kutukanwa. Hilo mlijue kwanza.

Tabu ni mwanangu wa pekee. Kwetu sisi, msichana akibeba mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake, akajifungua huko, akakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga hadi arobaini itimie. Kitanda nilishakitandika. Lakini mvua ziliharibu njia, uchungu ukamwanza mapema, akajifungulia kwa wakweze. Na si mmoja, jamani, mapacha! Habari iliponifika Kahama nilifunga duka, nikachukua ubani, mdalasini na kanga mpya, nikadandia lori la pamba. Nilimwambia dereva anipitie kesho yake alasiri, nitakuwa na mzazi na watoto wake.

Mkwe wangu Makoye alinipokea barabarani. Kunipokea gani huko? Alinipa mgongo! Akabeba mzigo wangu huku anatazama porini, akatangulia mbele kabisa. Tulipopumzika akaanza kuzungumza na mkwaju. "Wewe mkwaju," akasema, "kesho kuna ngoma. Mapacha hawatoki nje ya boma kabla ya kuchezewa. Na mgeni akitukanwa, asinyamaze." Kisha akajitwika mzigo, akaendelea. Mie nikasema moyoni, masikini Tabu, ameolewa na mwendawazimu.

Nimewauzia Wasukuma chumvi na majembe siku nyingi, nikadhani nawajua. Lakini dukani mtu huja na shida yake akaenda zake. Siku ya posa walizungumza wanaume, na Makoye alikaa nyuma ya mjomba wake, sikumwona hata pua.

Nilipofika nilikimbilia chumbani kwa mwanangu. Alikuwa amekaa chini, kapakwa unga usoni, mtoto kulia, mtoto kushoto. Nikasubiri shikamoo yangu. Kimya! Alinitazama tu, machozi yakamlengalenga. Nikamuuliza, "Tabu, umekatwa ulimi?" Akainamisha kichwa. Mama mkwe wake, Mageni, mwanamke mrefu mwenye sauti nene, akanishika mkono akanitoa nje. Kiswahili chake cha kuokoteza: "Kesho. Ngoma kwanza, kisha ataongea." Sikulala kwa kuwaza wamemfanya nini mwanangu.

Asubuhi nikavaa kanga zangu mpya, nikajifukiza udi, kama mtu anayekwenda kwenye maulidi. Nyuma ya ghala la mtama walikuwa wamejenga vijumba viwili vya nyasi, vidogo hata kuku angeinama kuingia. Nikaambiwa ni vya mizimu ya ukoo. Astaghfirullah! Nikajisemea, mie nimekuja kumchukua mwanangu, ya mizimu wanajua wenyewe. Tabu wakamkalisha mbele ya vijumba na watoto wake. Wanawake wakaja na majani vichwani, ngoma ikalia, wakazunguka wakinyunyiza maji ya unga. Waliimba taratibu, kwa heshima, na nikaanza kupenda. Hata bega langu lilianza kutikisika.

Mara ngoma ikabadilika. Mageni akatoka katikati ya duara, akaja mpaka puani pangu, akanyoosha kidole.

"Tazameni shingo ya korongo!" akapiga kelele kwa Kisukuma, na hicho cha dukani mie nakielewa. "Huyu ndiye mama? Amezaa binti asiyejua kuteka maji!"

Watu wakacheka. Wote wakanigeukia, wakangoja. Ngoma nayo ikanyamaza.

Mimi ni Mwahija binti Akida. Mwanamke aliyelelewa hajibizani na mtu hadharani. Nikavuta kanga yangu, nikatazama mbinguni. Basi wale wanawake wakaguna, wakarudi kwenye vijumba, wakaanza upya: maji ya unga, wimbo wa taratibu, mzunguko mzima. Halafu Mageni huyo tena! Safari hii meno yangu, na mwendo wangu wa bata. Nikanyamaza. Wakaanza tena. Jua likapanda, Tabu yuko pale pale chini, hana kivuli, jasho linachuruzika kwenye unga wa uso wake. Mtoto mmoja akalia mpaka sauti ikakauka. Kwa nini hawamalizi? Nimewakosea nini watu hawa? Na mbona wananitazama kama vile mimi ndiye ninayewachelewesha?

Nikamsikia Makoye kando ya ghala, amenipa mgongo, anafoka: "Ghala wee! Mwambie mgeni ajibu! Asipojibu haiishi! Mke wangu atakufa na jua!"

Nikamgeukia. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Mwendawazimu halii vile, nikawaza, lakini sikupata nafasi ya kuwaza zaidi, maana Mageni alikuwa mbele yangu tena.

"Tumbo lake lilizaa mmoja likachoka!" akasema. "Kilichomshinda mama, binti amekiweza!"

Loo! Hapo aligusa. Niliwazika watatu kabla ya Tabu, na hilo hakuna anayenitania. Adabu yote ikanitoka.

"Mwizi wee!" nikapiga ukelele hata kilemba kikanidondoka. "Jizi la watoto! Nilikuwa na mmoja tu duniani, ukaja ukamchukua, sasa umekalia na hawa wawili kama kuku wa kuazima! Nyumba yangu haina hata wa kunipa maji! Na wewe unacheka na mdomo wako kama mlango wa zizi!"

Nikashika mdomo wangu mwenyewe. Nikajua nimekwisha, watanipiga.

Vigelegele vilivyolipuka, sijawahi kuvisikia tena. Mageni alinikumbatia kwa nguvu, unga wote ukanihamia. Ngoma ikawa ya furaha. Na pale chini, nikasikia sauti nyembamba:

"Shikamoo, mama."

Sikuweza hata kuitikia marahaba. Nikakaa chini kwenye vumbi na kanga zangu mpya, nikalia.

Alasiri lori likapiga honi. Mageni mwenyewe ndiye aliyemfunga Tabu kibwebwe, ndiye aliyemweka Doto, pacha wa pili, mikononi mwangu. "Sasa njia wazi," akasema. "Chukua wako." Tukapanda, Tabu na Kulwa mbele kwa dereva, mie na Doto nyuma juu ya marobota ya pamba. Makoye alikuwa anauaga mti, maana kwao mtu hamtazami mama mkwe wala hamsemeshi.

Mageni akabaki barabarani, mikono yake bado imekunjwa kama ina mtoto ndani. Hakulia. Aliitazama tu mikono ile mitupu. Dereva akawasha gari. Ndipo nikaona boma lake kule nyuma, kimya, kama duka langu lilivyo jioni.

Sikujua kwa Kisukuma mtu huombwaje. Nilichojifunza siku ile kilikuwa kimoja tu.

"Wewe kizee mwenye mdomo wa zizi!" nikampigia kelele. "Unasimama hapo kama mgomba, nani atambeba huyu mwingine? Mimi nina mikono minne? Panda, jizi wee, panda!"

Mageni akaanza kukimbia.