Gari la Wifi

Gari lilifika mgongoni mwa lori, saa nne asubuhi, na wa kwanza kuliona alikuwa Sindano, maana cherehani yake ilikaa barazani ikitazama uani. Alikuwa amehamia kwa kaka yake kwa miezi michache, paa la duka lake la ushonaji likiezekwa upya. Jina la Sindano alipewa na mtaa, na hakuna aliyekuwa na hakika kama lilitokana na kazi yake au na ulimi wake.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, la milango miwili na viti viwili, fupi, limelala chini kama paka anayevizia. Wekundu wake ulikuwa umepauka ukawa rangi ya tofali, na magurudumu yote manne hayakuwa na upepo. Kwa miaka kumi na minne lilikaa chini ya turubai nyuma ya hospitali, tangu daktari aliyekuwa akiliendesha alipostaafu na magoti yake yakagoma kuinama. Sasa alikuwa amempa gari hilo mkunga mkuu wa hospitali hiyo, na mkunga huyo ndiye mke wa kaka yake Sindano.

"Wifi," Sindano alisema bila kusimamisha cherehani, "kaka yangu alioa mkunga. Hakuoa gereji."

"Ngoja likohoe," mkunga akajibu, bado na sare zake za kazini. "Utaniomba lifti."

"Hilo halikohoi. Hilo lilishazikwa, ninyi mmelifukua."

Walikuwa wametaniana hivyo kwa miaka ishirini na mmoja, na kila mmoja angeumwa siku mwenzake akinyamaza.

Kila siku aliyokuwa hana zamu, mkunga alivaa ovaroli la bluu na kuingia uvunguni mwa lile gari. Baba yake alikuwa fundi magari, kwa hiyo spana hazikuwa ngeni mkononi mwake, lakini hakutaka kulirudisha gari lilivyokuwa tu. Alitaka liwe bora kuliko lilivyokuwa. Alitoa ile kabureta iliyojaa kutu, akafunga mfumo wa nozeli zinazopima mafuta zenyewe kwa kompyuta ndogo. Rejeta ya zamani akaibadilisha kwa pana zaidi yenye feni mbili za umeme. Breki za zamani, ambazo alisema zingefaa baiskeli, alizing'oa zote na kununua seti ya diski kubwa na vibano vyake, zilizotoka kwenye gari zito zaidi. Kaka mtu, mwalimu wa jiografia, mtu wa maneno machache, alijenga kijibanda cha mabati juu ya kazi yote hiyo, akasema kwamba akitaka kumwona mkewe sasa inabidi ainame.

Sindano aliapa kutogusa hata nati moja. Kilichomvunja kiapo ni viti. Siku moja alimwona wifi yake akijaribu kushona ngozi ya kiti kwa mkono, mishono ikipanda na kushuka kama njia ya ng'ombe, na ikamwasha mwili mzima.

"Lete hapa," alisema. "Kama watoto wa watu unawashona namna hiyo, ndiyo maana kitovu changu kiko upande."

"Kitovu chako sikukikata mimi."

"Lete, nimesema."

Alivua ngozi kuukuu, akaifumua kipande kwa kipande, akakata mpya nyeusi kwa kufuata ile ile, na kuishona kwa uzi mwekundu mara mbili. Ilimchukua wiki mbili na sindano saba zilizovunjika. Siku alipovifunga viti vile ndani ya gari na kukaa kwenye kimoja, miguu imenyooka mbele, macho usawa wa kofia ya gurudumu la lori lililokuwa likipita nje, hakutaka tena kushuka. Tangu hapo wateja wake wakawa wanamkuta na mikono ya grisi, na suruali za watu zikachelewa.

Injini iliwaka Jumapili saa tisa alasiri. Mkunga alizungusha ufunguo mara ya kwanza, ikazunguka tu. Mara ya pili ikapiga chafya. Mara ya tatu ilinguruma kwa ghafla hata mabati ya kijibanda yakatetemeka, kisha ikatulia kwenye mlio mzito, laini, wenye mpigo. Sindano aliusikia mlio ule kwenye meno. Alijikuta anacheka peke yake, na alipogeuka akamwona wifi yake ameegemea usukani, machozi yanamtoka, anasema kama asemavyo mtoto akizaliwa, "Amelia. Mmesikia? Amelia."

Wiki iliyofuata, hata kabla ya ukaguzi, wakalitoa kulijaribu kidogo mtaani. Mtaa wao uliteremka taratibu mpaka chini, ambako palikuwa na ghala linalojengwa. Mkunga aliendesha, Sindano akakaa pembeni na mkanda umembana kifua. Lilianza kwa upole, gia ya kwanza, ya pili, kisha mkunga akaongeza mafuta kidogo na mgongo wa Sindano ukabandikwa kwenye ngozi aliyoishona mwenyewe. Alitaka kusema ongeza. Kabla hajasema, akaona mguu wa wifi yake ukienda mpaka sakafuni na gari likikataa kupungua mwendo.

"Breki," mkunga alisema, kwa sauti ile ile ya chini anayoitumia leba. "Shika dashibodi."

Alikanyaga tena na tena, akarudisha gia, injini ikalalama, akavuta breki ya mkono huku akilielekeza gari kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Wakaingia mpaka kwenye taa. Kukawa kimya. Mchanga ukateremka polepole juu ya boneti.

Kaka mtu alikuja mbio akiwa na kiatu kimoja. "Mmeumia?"

"Aliyeumia ni mchanga," Sindano akasema. Lakini mikono yake ilikuwa imeganda kwenye dashibodi, na ilibidi kaka yake aibandue kidole kimoja kimoja.

Kosa lilijulikana, chanzo chake ndicho hakikuonekana. Ndani ya mabomba ya breki kulikuwa na upepo. Pedali ilibonyea kama mto wa sponji badala ya kusukuma mafuta ya breki. Dawa yake inajulikana: mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua kinati kidogo kwenye kila gurudumu, upepo unatoka pamoja na mafuta, kinati kinafungwa. Walifanya hivyo Jumatatu. Walifanya Jumatano. Fundi mmoja wa mtaa wa pili akaja, akatikisa kichwa, akasema pampu ya breki imekufa. Mkunga akabadilisha pampu. Pedali ikabaki sponji. Siku ya ukaguzi, ambayo bila kibali chake gari lisingeruhusiwa barabarani, ilikuwa Ijumaa.

Alhamisi mchana mkunga alikaa kwenye ngazi ya baraza, kimya, ovaroli limelowa mafuta. Ukimya ule ndio uliomsumbua Sindano. Alikuwa na koti la mteja mapajani, anapachika mikono, na kila akiinua macho aliliona gari juu ya jeki, magurudumu ya mbele yamevuliwa, zile diski mpya zinang'aa, na kila diski imekamatwa na kibano chake cha chuma. Akautazama mkono wa koti. Akatazama kibano cha kushoto. Akasimama, koti likaanguka.

"Wifi, upepo ukiwa ndani ya maji unakwenda wapi?"

"Juu. Unakwenda juu."

"Na mlango wa kutokea umeuweka wapi?"

Sindano akachuchumaa mbele ya gurudumu, akaweka kidole kwenye kile kinati. Kilikuwa chini kabisa ya kibano, kinatazama sakafu. Akaenda upande wa pili. Vile vile.

"Hivi vibano ni kama mikono ya koti," alisema. "Vinafanana, lakini kuna wa kulia na wa kushoto. Umeuvalisha wa kushoto kulia. Kinati kinatakiwa kiwe juu. Upepo umekaa darini, na ninyi mnaufungulia mlango wa chini."

Mkunga alikuja akalala chali, akatazama kwa muda mrefu. Kisha kicheko kikaanza kutoka chini ya gari, kidogo kidogo, mpaka gari zima likawa linatikisika.

"Miaka ishirini na tano," alisema, akihema, "nagundua watoto waliokaa kinyume kwa kuwapapasa tu juu ya tumbo. Hiki kinyume kipo mbele ya pua yangu, sikukiona."

"Toka huko tukigeuze, kabla hakijazaliwa kwa miguu."

Wakavibadilisha vibano mahali, kulia kwa kushoto. Sindano akakaa kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga," sauti ya mkunga ilisema kutoka chini. "Shikilia. Achia. Kanyaga."

Mapovu yalitoka kwenye mpira mwembamba kama yamefunguliwa jela. Mara ya nne, mara ya sita, na ghafla chini ya unyayo wa Sindano pedali ikasimama. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Akakanyaga tena kwa nguvu zake zote, na pedali ikamrudishia nguvu zile zile.

"Wifi," alisema, na safari hii hakuwa na utani wowote mdomoni. "Ipo. Breki ipo."

Mkaguzi wa kesho yake alikuwa mtu mzima mwenye kalamu nyuma ya sikio na uso usiosema kitu. Alipima taa, honi, akachungulia chini, kisha akaingia mwenyewe kuliendesha kwenye uwanja wa majaribio. Aliliongeza mwendo, akafunga breki. Gari likasimama pale pale, limenyooka kama rula. Akazunguka, akarudia. Akarudia tena.

"Kuna tatizo, mheshimiwa?" mkunga akamwuliza dirishani.

"Hapana, mama. Nahakikisha."

Aliporudi kuhakikisha kwa mara ya tano, kalamu ilikuwa imeshadondoka sikioni na mkaguzi alikuwa anatabasamu kama aliyepata mtoto wa kiume na wa kike kwa mpigo. Akatia saini juu ya boneti lenye joto.

Hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Walilipeleka kwenye barabara pana inayopita nyuma ya viwanda, asubuhi ile ikiwa nyeupe na tupu, na mkunga akapandisha gia moja baada ya nyingine, mpaka miti ya pembeni ikaungana kuwa ukuta wa kijani. Upepo uliingia dirishani ukamvua Sindano kitambaa cha kichwani. Akageuka kukiona kikiruka nyuma yao juu ya lami.

"Turudi tukakifuate?" mkunga akapaza sauti.

"Kiache. Ongeza."

Walipofika nyumbani, kaka mtu alikuwa amesimama getini, amevaa shati la safari, amechana nywele. Walimpita. Walikwenda mpaka mwisho wa mtaa, wakageuza, wakampita tena, Sindano akimpungia mkono kama mke wa balozi. Mara ya tatu mkunga alisimama.

"Dada," kaka alisema kwa upole, "gari lina viti viwili."

"Najua. Nimevishona mimi."

Lakini alishuka, maana ndugu ni ndugu, akamfunga mkanda na kumwonya asikwaruze ngozi. Wakaondoka. Sindano alibaki getini akisikiliza gia zikibadilishwa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mlio ukapotelea kona ya mbali. Kisha akaenda barazani, akaketi mbele ya cherehani, akachukua uzi. Lakini macho yake yalibaki getini. Alijaribu tundu la sindano mara tatu, likamkataa, naye akaweka uzi kando na kusubiri gari lirudi.