Dua ya Mchezo Uliokwisha Chezwa

Shem Ogutu alikuwa ameshindwa tangu Jumatatu, ila Nairobi nzima haikujua. Mchezo wa maswali wa televisheni ulikuwa ukirekodiwa Jumatatu na kuonyeshwa Alhamisi saa moja jioni, na washiriki walitia sahihi kwamba hawatafungua mdomo. Basi Alhamisi hiyo karani huyu wa stoo, mkazi wa Dagoretti Corner, alishinda na habari yake kooni kama mwiba wa samaki.

Kushindwa hakukumuuma. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kilichomuuma ni kwamba swali la mwisho alilijua, na kuanzia usiku ule watu wote wangemhesabu mjinga.

Baada ya kazi alipita Ngara, shati lake jeupe limefungwa kwenye gazeti. Hakuwa na jingine jeupe. Kola ilikuwa imechakaa, na fundi mzuri huibandua, akaigeuza na kuishona upya, ukapata mwaka mwingine wa heshima. Aliingia duka la kwanza lenye cherehani. Masikini, lilikuwa na televisheni pia, na majirani wapatao sita walikuwa wameshajipangia viti.

"Shem!" Mwanamke wa cherehani aliinuka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Hemed, njoo uone! Shem wetu huyu!"

Shem wetu! Hajawahi kumwona mama huyu maishani. Lakini ndivyo ilivyo: mtu akiingia kwako wiki tano mfululizo, hata kama ni kwenye kioo, utamnyima vipi undugu?

Mumewe, mwalimu wa chuo cha Kurani, alitokea nyuma ya pazia akicheka. "Bwana, huyu Mwanasha wangu amefunga leo kwa ajili yako. Mimi mumewe sijafungiwa hata nusu siku."

"Dua ya mwenye kufunga hairudi," Mwanasha akajibu. "Nitamwombea nikifuturu, ndipo mchezo uanze."

Shem akautazama mlango. "Mama, usijisumbue. Kwa nini mimi? Yule mshindani mwingine ako na digrii."

"Yule ana watu wake. Wewe kila ukiulizwa, mkono wako wenda kufunika kola. Nimeshona miaka thelathini, mwanangu, wanificha nini? Nikasema, huyu hana wa kumgeuzia kola, na bado ajibu."

Adhana ikalia. Mwanasha akashika tende, akainua mikono. "Ewe Mola, mtoto huyu asiaibike." Shem alitazama viatu vyake. Dua ile ilikuwa imechelewa siku tatu, naye hakuweza kumwambia. Akaitikia amina kwa sauti ndogo, yeye Mwadventista wa Siaya.

Saa moja ikafika. Maswali yakaenda sare hadi la mwisho: Mto Omo huingia ziwa gani? Kwenye kioo, mkono wa Shem ulikuwa kolani. Ulipoanza kushuka, mwenzake alikuwa ameshabonyeza kengele. "Ziwa Rudolf," akasema, maana Turkana iliitwa hivyo siku zile, na makofi yakalipuka.

"Kumbe hakujua," jirani mmoja akanong'ona, akakumbuka nani amekaa karibu naye.

Mwanasha aligeuka polepole kutoka kwenye kioo hadi kwa Shem mwenyewe, kana kwamba ndipo anaona hawezi kuwa pote pawili. "Mchezo huu ulichezwa lini?"

"Jumatatu, mama. Nisamehe. Niliapa sitasema."

"Kwa hiyo nimekaa na njaa kuombea jambo lililokwisha pita!"

"Mimi nilikuwa na njia gani, mama? Nilitaka kukimbia."

Alingoja kufokewa, na angeona ni haki yake. Lakini mwanamke yule aliwageukia majirani badala yake, na hasira zote zikawaangukia wao.

"Nani kasema hakujua? Nyinyi nyote mwamtazama aliyeshinda. Mimi nimemtazama huyu. Midomo yake ilisema Rudolf kabla mwenzake hajashika kengele. Niliona kwa macho yangu mawili."

Hemed akamsogezea Shem sahani ya tende, asimtazame usoni.

Tangu Jumatatu Shem alikuwa amejikaza, ofisini, njiani, hata kitandani. Sasa alilia waziwazi mbele ya watu aliokutana nao jioni ileile, na hakuona haya.