Prosesa Mbili na Karatasi za Baba

Kaka mtu aliingia karakanani na kompyuta mpya kwapani, akaibwaga kwenye meza ya dada yake bila hata hodi. Hawa wawili walikuwa hawasalimiani mwaka wa tatu sasa, tangu baba yao azikwe, na mafundi wa kukata vioo walishazoea. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi wakainamia kazi yao, ila masikio hawakuyainamisha.

"Prosesa yake, huo ubongo wa mashine, ni jamii ya zile za simu," kaka alimwambia mama yao, mwenye karakana, kana kwamba dada hayupo. "Haili umeme, haipati joto, na mfumo wake wa Linux unakwenda mbio. Siyo hilo dude la huyu, linanguruma kama kinu cha kusaga."

"Dude hili ndilo linaloendesha programu ya baba," dada akajibu, naye akimtazama mama. "Yake haiwezi."

Mama alikuwa amechoka nao. Alitaka kompyuta zishindanishwe hapo hapo, kwa mpango wa kukata vioo themanini vya shule, na atakayeshinda abaki na ufunguo wa ofisi. Ofisi ile ilikuwa ya baba, hadi kiti kilichobonyea kwa uzito wake, na dada hakubakiwa na kingine chake.

Programu hiyo marehemu aliiandika mwenyewe: unaipa vipimo, inakupangia ukate vipi usitupe vipande. Kwenye dude la dada ilichukua dakika nne, feni ikipiga kelele. Kwenye mpya ilikataa katakata, maana ilitafsiriwa kwa lugha ya prosesa za zamani, na hizi mbili hazielewani. Kaka hakushtuka. Aliweka mkalimani katikati, programu ya kuigiza prosesa ya zamani, kazi ikaanza kujikokota. Dakika kumi na moja. Fundi mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Kimya chake kizuri lakini," dada alisema. "Itakufaa kulalia."

"Nipe msimbo, yale maandishi ya baba mwenyewe. Niutafsiri upya kwa prosesa hii, itamaliza kabla hujafumba huo mdomo."

"Msimbo uliufuta wewe."

Mama alikuwa ameambiwa diski ya baba ilijifia yenyewe. Sasa ndipo anasikia kwa binti kwamba wiki ya msiba mwanawe wa kiume aliichomeka kwenye kompyuta ya mfumo mwingine, usioweza kusoma faili za baba. Iliuliza kama diski iandaliwe upya, yaani ifutwe yote, naye akabonyeza ndiyo.

"Nilidhani ni tupu," kaka alisema.

Mama alimgeukia binti. "Na wewe ulijua ukanyamaza. Haya, hilo dude likizima, kazi ya mume wangu inazikwa nalo?" Akauchomoa ufunguo mlangoni pa ofisi, akautia mfukoni mwake.

Jibu lilikuwa miguuni pa dada, ndani ya boksi. Baba alizoea kuuchapa msimbo kwenye karatasi, na karatasi zilizokwisha kazi alizitia kati ya kioo na kioo visikwaruzane. Baada ya msiba dada alizichomoa moja moja, kurasa arobaini na moja, akazificha. Alitaka kaka aje kupiga magoti. Kwa chuki tu, miaka mitatu, aliiacha kazi ya baba ining'inie kwenye feni mbovu, na sasa aliona haya hadi shingo ikamwaka.

Aliliburuta boksi. "Soma, mimi naandika. Zaidi ya hapo usinisemeshe."

Kaka alikung'uta vumbi la kioo kwenye ukurasa wa kwanza, akasoma. "'Isitegemee prosesa ya aina moja. Watoto watabadilisha mashine.'" Akaugusa mstari huo kwa kidole. "Haya ni maelezo tu, kompyuta inayaruka. Tuyaache?"

"Hapana," dada alisema bila kumtazama. "Yasome tena, polepole."