Maji Saba

Chupa ya kumi na tisa ilikuwa imejigawa. Chini kilikaa kimiminika kizito, cheusi kama asali iliyoungua. Juu mafuta mepesi yanayopitisha mwanga. Na kati yao mstari ulionyooka kama pindo la sari. Kwa miezi mitano nilikuwa nautafuta mstari ule. Siku ulipokuja, nilitamani kuuficha.

Nilikuwa fundi wa maabara chuoni, mwenye stashahada na mkataba uliobakiza wiki tatu. Jirani yetu kiwanda cha alumini kilitema tope jekundu, bwawa zima. Likikauka, upepo ulilileta kwenye nguo tulizoanika. Madamu Binodini, mkuu wa mradi wetu, aliamini kwamba tope hilo, likichomwa na kusagwa, lingekuwa kichocheo cha kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangiwa bhajia yawe dizeli. Kulitayarisha ilikuwa kazi yangu.

Nami nililiosha. Maji saba, mpaka yatoke safi. Hakuna aliyeniagiza, kitu kichafu huoshwa kabla ya kutumika, basi. Hata mume wangu alikuwa akinitania: "Mama Lipsa, wewe ungeosha hata sabuni."

Chupa kumi na nane zilikataa kujigawa. Ijumaa ile barua ya kufunga mradi ilikuwa tayari mezani kwa Madamu: tope halifai.

Lakini siku mbili kabla, mwanangu Lipsa alishikwa na homa. Nikalitia tope tanuruni vilevile lilivyotoka bwawani, nikakimbilia nyumbani.

Sasa nilisimama mbele ya chupa. Ningeweza kusingizia moto wa tanuru, nikalinda mkataba wangu. Nisijisifu: si uaminifu ulionifungua mdomo. Nilitaka kujua maji yale yalikuwa yakiondoka na nini.

"Madamu, hili sikuliosha. Mwanangu alikuwa na homa, nikakimbilia nyumbani."

"Kwani mengine uliyaosha?"

"Maji saba."

Alivua miwani. "Nani alikwambia?"

"Hakuna. Lilikuwa chafu."

"Ni tope, Kuntala! Ulitaka liweje?" Akaiinua chupa dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka. "Mwanao mwenye homa ulimpa nini?"

"Torani." Yale maji machachu ya wali uliolazwa.

"Hukuyamwaga?"

"Nani anamwaga torani, Madamu? Nguvu yote si imo..."

Sikumaliza. Magadi ya kiwandani yaliyobaki topeni, ndiyo yenye kugeuza mafuta, yalikuwa yakitoka na maji yangu saba, na mimi, mara kumi na nane, nilikuwa nimeyamwaga kwenye mfereji.

Madamu aliigeuza barua upande usioandikwa, akanisukumia pamoja na kalamu. "Andika. Zote kumi na tisa, ulivyofanya kila moja. Na jina lako chini."

Niliandika.

Lipsa ana miaka ishirini na mitatu sasa. Wageni wakiuliza nani aligundua siri ya tope lile, hunitangulia kujibu: "Homa yangu."

Simbishii.