Kipande cha Pili cha Kanga ya Mama Kidawa

Jumamosi ile usingizi ulinichukua mchana kweupe, juu ya mkeka nyuma ya cherehani yangu, na nililala nikiwa nimenuna. Nilikuwa nimegombana na mteja. Mimi Mwantumu nina miaka ishirini na sita ya kukata kanga na kuzipinda, na mdomo ninao, sikatai, lakini wateja huwa nawatunza. Siku ile Bi Asumini alikuja kuchukua doti yake akanikuta nimeinamia simu. Akaniuliza, "Bado mko na huyo mtoto wa watu?" Nikamjibu kwa furaha, Mungu anisamehe, kwamba tuko naye na tumeshafika pazuri.

Mtoto mwenyewe aliitwa Kidawa, umri wake miaka minne. Alipotea Jumatatu kwenye ukingo wa msitu wa Kwembago, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, mama yake akiwa anakata kuni. Huko Kwembago hakuna aliyewahi kufika kati yetu. Tulichokuwa nacho ni kundi letu la kwenye simu, Macho ya Umma, watu elfu sita, na mkuu wake Hozza, muuza betri za saa hapa hapa mtaani. Jumatano mtu akatuletea video ya yule mama analia mbele ya nyumba yake. Wenzangu walitazama machozi. Mimi nilitazama nguo. Kiunoni alikuwa na kanga moja, nyekundu, imeandikwa Mungu hamtupi mja wake, na kichwani kajifunga kitambaa cha rangi nyingine kabisa. Jamani, kanga ni doti, huuzwa mbili, na fundi ndiye anayezitenganisha. Mwanamke wa kijijini hakosi kipande cha pili. Na katikati ya kilio chake yule mama akasema, "Niacheni niende nikaangalie kanga yangu kule." Mwili ukanisisimka. Nikaandika: "Kipande cha pili kiko wapi? Mtoto kafungwa ndani yake akafukiwa. Msimruhusu kurudi msituni, atakwenda kuharibu ushahidi." Hadi Alhamisi asubuhi maneno yangu yalikuwa yamesambazwa mara elfu arobaini. Waliokuwa wakimtafuta mtoto waliacha msitu, wakarudi kuchimba kuizunguka nyumba, na mama wakamfungia kwenye stoo ya kijiji. Hozza aliniita mpelelezi. Nilijiona!

Haya yote nilimweleza Bi Asumini. Akasikiliza huku anakunja doti yake, kisha akaniuliza, "Na huyo mama mwenyewe umemuuliza?"

"Nimuulize nini tena, Bi Asumini? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Macho unayo, Mwantumu. Masikio unayo?"

Akaondoka bila kuaga. Nikasonya, nikajilaza pale na joto lile, simu kifuani, nikawa namjibu moyoni hadi macho yakajifumba.

Nikajiona nimesimama kwenye uwanja mpana usio na jua wala mvua, mbele yake msitu mweusi. Uwanja mzima umejaa watu wameketi kwenye vigoda, maelfu kwa maelfu, na wote, hata mmoja sikumwona tofauti, wameupa msitu mgongo. Kila mmoja ameinamia kiganja chake mwenyewe, na kiganjani mna mwanga mdogo unaommulika kidevu. Toka msituni ilikuwa ikija sauti nyembamba ya mtoto, inakuja na kukatika, na kila ilipokuja watu walipaza zaidi mazungumzo yao, kama tufanyavyo pale paka anapolia nje nasi tuko kwenye maongezi matamu. Nikataka kugeuka nisikilize, ila mwanamke mmoja aliyejipamba akanishika mkono na kuniambia jina lake Udadisi. "Karibu, shoga yangu," akasema, "hapa hatuchoki kuuliza. Tunauliza mama alivaa nini, baba yuko wapi, jirani mbona hakulia. Uliza nawe, ni raha." Nikamuuliza, na majibu je? Akacheka sana. "Majibu hayako kwangu. Mimi nikiuliza, nampa dada yangu akushonee."

Dada yake aliitwa Dhana. Alikuwa fundi, tena, aibu iliyoje, alikuwa na cherehani kama yangu, ya mguu, yenye ufa ule ule kwenye meza. Alikuwa akishona kwa kasi ya kutisha, mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, na chini ya sindano hamna kitambaa. Anavuta hewa, anapinda hewa, anakata uzi kwa meno, kisha anampa mtu aliye mbele yake, naye anaivaa, na mara ile vazi linaonekana: sanda kwa huyu, pingu kwa yule. Watu walipanga foleni. Mwanamume mmoja kifua mbele, Ujuaji, alikuwa akipita kwenye foleni na kuthibitisha kila vazi kwa kulipiga muhuri bila kulitazama. "Fundi mwenzangu!" Dhana akanipokea. "Lile lako la Jumatano limetutoa kimasomaso. Njoo nikuonyeshe lilipo." Nikamfuata. Sitasema nilisita. Nilikwenda kifua mbele mimi nami.

Akanifikisha kwenye kibanda cha bati ukingoni mwa msitu, mlango wake umezuiwa kwa gogo, na gogo zima limeandikwa, na maandishi ni ya kwangu, hadi kosa la herufi nililoliona baadaye nikaona uvivu kulisahihisha. Msimruhusu kurudi msituni. Mikono ililikandamiza gogo lile, mikono mingi isiyokuwa na watu, mingine ina pete, mingine ina hina, mingine ya watu wazima wanaojiheshimu. Ndani kulikuwa na mwanamke anagonga. Hakugonga kwa hasira. Aligonga kama mtu anayechelewa, gonga gonga, ananyamaza, gonga gonga tena. Nikasikia: "Dada zangu, nifungulieni mara moja tu. Naitazama halafu narudi mnifunge." Nikamgeukia Dhana nimuulize anataka kutazama nini, nikakuta ameshaondoka, maana, nilikuja kufahamu, yeye hakai mahali ambapo mtu anajibu.

Aliyekuwa amesimama pale ni mwanamke mwingine, mchafu, na nilirudi nyuma kidogo, niseme kweli. Alivaa mabuti ya mpira yaliyojaa tope, miguu imechanwa na miiba, na alipofungua kinywa sauti haikutoka ila mkwaruzo. "Usinishangae," akasema, "nimeita jina la mtoto siku tano. Mimi Huruma." Nikastaajabu. Huruma nilizoea kumwona kwenye simu, ua jekundu na mikono miwili imeunganishwa, msafi, ananukia. Huyu alinuka jasho na matope. Akanitazama bila chuki. "Wengi hunituma kwa wenye msiba," akasema, "wachache huja nami. Anayekuja nami hana nafasi ya kujua mambo. Ana nafasi ya kubeba kuni, ya kuchemsha chai, ya kuita, ya kuuliza jambo moja na kungoja jibu. Una sauti, Mwantumu?"

Nikasema ninayo, nina sauti mtaa mzima unaijua. "Basi mwite mtoto." Nikageukia msitu, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa niseme Kidawa. Kilichotoka ni, "Kipande cha pili kiko wapi?" Nikajaribu tena, nikashika koo kwa mikono miwili, na tena likatoka lile lile, kubwa, linagonga kwenye miti na kurudi, na sauti ya mtoto kule ndani ikanyamaza kwa kuogopa. Nikalia. Nikamwambia Huruma, dada, nifanyeje, maneno haya hayaniachii nafasi. Akasema, "Si lazima uyatupe. Ni swali zuri. Ulikosea uliyemuuliza." Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

Nikapiga magoti penye upenyo chini ya bati, nikauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi, "Mama Kidawa, kipande cha pili kiko wapi?"

Kugonga kukakoma. "Nimekifunga kwenye mti," akasema upesi, kana kwamba jibu alikuwa amelishika mdomoni muda wote. "Nikilima huwa namtandikia kanga pembeni ya shamba. Namwambia, mwanangu, kaa kwenye kanga ya mama, usiondoke, nitakuja. Hajawahi kuondoka. Nimemwekea huko aione, akiiona atakaa. Nifungulieni, dada. Akishakaa hatatoka mpaka mimi nije."

Nikalikamata gogo. Nilivuta hadi kucha zikang'oka, na mikono ile elfu arobaini haikulegea, maana niliiita mwenyewe lakini haikunitii. Huruma naye akashika. Tulikuwa wawili. Kati ya miti nikaona wekundu mdogo chini, na juu ya wekundu ule mtoto ameketi wima, mikono mapajani, anatazama njia. Aliniona. Akaniuliza kwa adabu, kama watoto wa huko wanavyomwuliza mgeni, "Shikamoo. Mama anakuja?" Nami nikaligeukia gogo, nikavuta tena.

Nikazinduka, simu imeniponyoka kifuani, jua bado liko juu na cherehani yangu iko pale pale na ufa wake. Hamadi! Nikajua ndoto ile haikuniletea chochote kipya. Yule mama alikuwa amesema Jumatano mbele ya watu wote, niacheni niende nikaangalie kanga yangu kule, na mimi niliyasikia kwa masikio haya. Niliyasikia nikayageuza hatia. Kwenye tangazo la kupotea kwa Kidawa lililoletwa kundini, juu kabisa, palikuwa na namba ya mwenyekiti wa kijiji, ya kupigwa na mwenye habari. Watu elfu sita tulikuwa nayo. Nikaipiga.

"Shikamoo baba," nikasema, "naomba umuulize Mama Kidawa kanga yake nyingine iko wapi."

Mzee wa watu alikuwa amechoka. "Mama, tumeshachimba mpaka jikoni. Kanga hatujaiona."

"Msichimbe. Muulizeni."

Nikasikia nyayo zake, nikasikia kufuli la stoo, nikasikia sauti ambayo dakika chache nyuma niliisikia usingizini. Kisha mwenyekiti akarudi kwenye simu. "Anasema aliifunga msituni Jumanne jioni. Jumatano asubuhi alikwenda kuitazama. Alhamisi aliomba sana aende tena, ila watu walikuwa wameshasoma ile habari, wakasema tusimruhusu." "Wewe ni nani, mama?" Nikamwambia jina langu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Walimfungulia. Aliwaongoza mwenyewe, akikimbia, haikufika saa nzima. Kanga haikuwa mtini. Ilikuwa imevutwa chini, imetandikwa, hata pembe zake zimenyooshwa, na Kidawa amelala katikati yake kwa ubavu. Pembeni, nje ya kanga, alikuwa amevua ndala zake na kuzipanga pamoja, kama alivyofundishwa, asichafue nguo ya mama. Mganga wa zahanati aliyekuja na gari alisema roho ilitoka Ijumaa alfajiri. Nimehesabu, na sitaacha kuhesabu: Alhamisi mchana kutwa alikuwa hai, amekaa, anangoja.

Usiku wa kuamkia mazishi Hozza aliandika kwenye kundi: "Tujiulize wandugu. Mtoto wa miaka minne, nani alimvua ndala?" Watu wakaanza. Wakaleta picha, wakazikuza, wakaweka duara jekundu. Nikaandika: "Alivua mwenyewe. Mama yake alimfundisha. Na mimi ndiye niliyewaambia wasimruhusu mama yake kwenda, nami nilikosea, na damu ya Kidawa iko shingoni mwangu." Hayo yalisambazwa mara kumi na moja. Hozza akanitoa kundini.

Nilikwenda Kwembago siku ya arobaini, na Bi Asumini alinisindikiza bila kunikumbusha neno hata moja. Nilichemsha chai, nikaosha vyombo, nikakaa na wanawake. Mama Kidawa alijua mimi ni nani. Alikuja akasimama mbele yangu na kanga yake moja kiunoni, kipande cha pili walimzika mwanawe nacho, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyepiga simu?" Nikasema ndimi, na ndimi niliyeandika. Akaikaza kanga kiunoni. Kisha akasema, "Ungepiga Jumatano," akaenda kuwapokea wageni wengine.