Maji ya Futi Tisini

Timba lililia, Donatus akaisimamisha nyundo hewani. Aliyajua magogo yale: aliyakata mwenyewe, akayamenya magome, akayafunga mraba juu ya mraba tangu mdomo wa duara, shimo la dhahabu, hadi huku chini, futi tisini. Gogo linalokaribia kuvunjika hutoa kwanza sauti nyembamba. Hili lilikuwa limeanza.

Mbele yake Ngusa alilala chali, mwamba umemkalia mguu wa kulia kuanzia gotini. Ukuta ulikuwa umemeguka asubuhi ile, wenzake wote wakakwea kamba. Charles, mwenye duara, alipotafuta mtu wa kushuka, kila mmoja alitazama viatu vyake. Donatus alishuka bila kuombwa. Yeye ndiye fundi matimba. Kilichoanguka kilikuwa kazi ya mikono yake.

"Pumua kidogo kidogo," alimwambia. "Nikishalikaza hili watateremsha jeki."

"Donatus, si wewe unayesalisha kigangoni padre asipokuja?"

"Ndiyo mimi."

"Basi nibatize. Nilisoma mafundisho mwaka mzima, nikaacha."

"Padre atakubatiza, ukiwa mzima."

"Siwezi kungoja." Ngusa alimeza mate yaliyojaa vumbi. "Ila kuna neno kwanza. Mwaka ule mwanangu alipokufa, mganga alisema ameuawa na mwanamke mwenye macho mekundu, jirani. Wale watu wa mapanga walipokuja, hawakuijua nyumba. Mimi ndiye niliyewaonyesha mlango wa mama yako."

Juu yao mchanga ulichuruzika, ukanyamaza.

Macho ya mama yake, Limi, yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, alichopikia miaka arobaini. Waliomkata walifungwa. Aliyewaonyesha mlango hakujulikana kamwe. Na siku ya mazishi Ngusa alilibeba jeneza, upande wa kichwa.

Nyundo ilimlemea Donatus mkononi. Hakuhitaji kuiinua. Ilitosha kuiacha kabari ilivyo, kupanda kamba, na kuwaambia walio juu kwamba timba limekataa. Nani angeuliza? Alilisikia wazo hilo likimjia kwa sauti yake mwenyewe, tulivu, na utulivu huo ndio uliomtisha.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Sitaki kuyaiba maji ya ubatizo."

Timba likalia tena. Donatus alilitazama, taa ya kichwani ikimulika ufa. Kisha akaigonga kabari. Pigo moja, mawili, saba. Alipomaliza alifungua chupa ya maji iliyoning'inia kiunoni mwake.

"Unataka kwa hiari yako? Mimi siwezi kutaka kwa niaba yako."

"Nataka."

"Unajuta?"

"Kila nikiamka."

"Mimi sijakusamehe. Ulijue hilo. Lakini maji haya si yangu."

Akamimina mara tatu juu ya paji la uso lililojaa tope. "Ngusa, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Jeki ilishuka. Ngusa alitolewa hai. Walipomfungua kamba juu, duara lilinguruma nyuma yao, likajifunga.

Mguu ulikatwa. Wiki mbili baadaye mke wa Ngusa, Violeth, alimkuta Donatus nyumbani akimenya magome.

"Shikamoo, Baba Nelly."

"Marahaba."

"Padre alikuja wodini. Anasema ubatizo ule ni halali, haurudiwi. Yamebaki mafuta matakatifu, na msimamizi wa ubatizo. Baba watoto anakuomba wewe." Violeth aliinamisha kichwa. "Ameniambia yote. Anasema ukienda polisi hatakana. Na usipokwenda, hatakuuliza kwa nini."

Donatus aliendelea kumenya. Violeth akaondoka.

Jumapili alisalisha kigangoni. Kwenye Baba Yetu alifika "utusamehe makosa yetu, kama," sauti ikakatika. Waumini walimngoja kidogo, halafu wakaendelea bila yeye hadi mwisho.

Jumatatu alipanda pikipiki kwenda mjini. Penye njia panda, ambapo barabara moja hupanda kwenye kituo cha polisi na nyingine huteremka hospitali, dereva aliuliza wapi. Dereva alizima injini, akasubiri. Lori la mawe lilipita, vumbi likawafunika wote wawili, likatua polepole.

"Teremka hospitali," Donatus alisema.

Wodini Ngusa alikuwa macho. Alimwona akiingia. Vidole vyake vililishika shuka. Viti vyote vilikuwa na watu. Donatus alisimama, kofia mkononi, akitazama pale ambapo shuka lililala bapa, ambapo mguu ungekuwepo. Nafasi ilitosha mtu mmoja.

Akakaa hapo.